Fimbo Yenye Kusamehe

Wachezaji wa gofu wana neno moja wanalolitumia kila siku bila kulitafakari. Wakitaka kuisifu fimbo ya chuma, husema kwamba fimbo ile inasamehe. Neno hili tumezoea kulisikia msikitini na kanisani, au barazani wazee wanapokaa kusuluhisha ugomvi wa ndugu. Siku hizi linauzwa dukani pamoja na mfuko wa fimbo. Nami nilipolazimika kuiacha seti yangu ya fimbo za kufuliwa (kufua kwa mhunzi, si kwa dobi) na kutafuta nyingine ya kufuliwa yenye kusamehe zaidi, nilijikuta naulizwa, na wenzangu na nafsi yangu pia, swali lisilohusu gofu peke yake: je, ni haki mtu kununua msamaha wa makosa ambayo bado hajayatenda?

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Kichwa cha fimbo ya chuma kina mahali pamoja, karibu na katikati ya uso wake, ambapo mpira ukigongwa huruka mbali na kwa unyoofu. Ukigonga nje ya hapo, hata kwa upana wa ukucha, kichwa hujipinda mkononi, mpira hupungua mwendo na kwenda kombo. Fimbo za zamani zilikuwa bapa, chuma chake kimekusanyika nyuma ya kile kitovu. Aliyekipata alipata raha isiyoelezeka, na aliyekikosa aliungua vidole, hasa asubuhi ya baridi. Kisha akatokea Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira shimoni ambayo uzito wake aliupeleka kwenye ncha mbili, na baadaye akaitumia kanuni hiyo katika fimbo za chuma. Ping Eye2 ya mwaka 1982 ilienea dunia nzima. Kanuni yenyewe ni ileile ya mwanasarakasi anayepita juu ya kamba huku ameshika mti mrefu: uzito ukikaa mbali na katikati, kitu huwa kigumu kupinduka.

Fimbo hizo za Solheim zilisubiwa, yaani chuma kiliyeyushwa kikamiminwa katika kalibu, kwa kuwa ni rahisi zaidi kupata umbo la ajabu kwa kumimina kuliko kwa nyundo. Ndiyo maana kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kusubu ni kwa wanaokosea na kufua ni kwa mabingwa. Sivyo ilivyo tena. Leo kipande cha chuma laini, chenye kaboni ya takribani robo ya asilimia moja, huchomwa hadi kiwe chekundu, hugandamizwa kwa nyundo kubwa ya mashine, kisha mgongo wake hubonyezwa au kuchongwa ili uzito uende pembezoni. Wahunzi wetu wa Mamba kule Kilimanjaro, waliosifika kwa mikuki, wangeitambua kazi hiyo mara moja, ingawa wangeshangazwa na bei. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Ulaini unatokana na chuma. Kusamehe kunatokana na umbo. Kwa sababu chuma kilichofuliwa ni laini, fundi anaweza kukipinda shingo kidogo ili fimbo imkae mwenyewe, mrefu au mfupi, kazi ambayo ni ngumu kwa vile vyuma vigumu vya kusubu. Kwa hiyo fimbo ya namna hii ina fadhila mbili: inakubali kurekebishwa kwa ajili yako, na haikuadhibu sana unapokosea. Nimewajua walimu wasiokuwa na hata moja kati ya hizo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu wa miaka mingi, alizishika fimbo zile akazigeuzageuza, kisha akaniambia, "Mwalimu, hizi zitakudanganya." Sikumpuuza. Hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Fimbo bapa husema kweli. Ukikosea, unajua papo hapo, na ukijua utajirekebisha. Fimbo inayouficha udhaifu wako inakufanya uendelee nao hadi kaburini. Ben Hogan, mtoto wa mhunzi wa Texas, alipoanzisha kampuni yake ya fimbo mwaka 1953 alilikataa fungu zima la kwanza kwa kuwa halikumridhisha, hasara ikawa kubwa. Mtu wa tabia hiyo haisamehi fimbo, wala hatarajii fimbo imsamehe. Rafiki yangu ni wa ukoo huo.

Lakini hebu tutazame kwa makini. Katika hoja yake mna vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: kuambiwa kosa na kuadhibiwa kwa kosa. Hivi si kitu kimoja, na kazi yangu ya chuoni ilinifundisha kuvitenga. Chukua somo la hesabu. Mwanafunzi amekosea kujumlisha katika mstari wa pili, kisha akaendelea na jibu lile baya kwa njia iliyo sahihi kabisa hadi mwisho. Msahihishaji asiyefundishwa huchora mkato mwekundu na kuandika sifuri. Aliyefundishwa hulizungushia duara lile kosa la mstari wa pili, humnyima alama moja, na kumpa zilizobaki kwa ajili ya njia. Kila mwaka nilikuwa nabishana juu ya jambo hili na walimu wanafunzi, na kila mwaka alikuwapo mmoja aliyeniambia kwamba nalea uzembe. La hasha. Kosa limeonekana, limezungushiwa wino, hakuna aliyedanganywa. Kilichopunguzwa ni adhabu tu, ili ilingane na kosa lenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyozichagua fimbo zangu. Zipo kubwa zenye tumbo wazi ndani, ambazo mkono wangu hauwezi kubaini kama nimegonga katikati au pembeni. Mpira unakwenda tu. Hizo nilizirudisha. Nilichukua za kufuliwa zenye mgongo uliobonyea kiasi. Nikigonga vibaya, mtetemo unanifikia viganjani na najua nimekosa wapi, ila mpira unafika karibu na nilipoukusudia badala ya kutumbukia bwawani. Tena fimbo hizi, hata zile kubwa, zinasamehe mahali ulipogongea tu. Ukiuelekeza uso wa fimbo msituni, mpira utakwenda msituni kwa uaminifu mkubwa.

Nadhani jambo ambalo rafiki yangu analiogopa hasa ni kwamba ulegevu ukiingia kwenye fimbo utahamia kwenye kadi ya kuandikia mikwaju. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu gofu ni mchezo ambao mara nyingi mtu huwa hakimu wa nafsi yake. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyofanyika Worcester, Bobby Jones aliuona mpira wake ukisogea kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Wasimamizi walitaka kuliacha, lakini yeye akashikilia ajiongezee mkwaju mmoja wa adhabu. Mwishoni alifungana na Willie Macfarlane, na katika marudio akashindwa. Mkwaju ule mmoja ulimnyima ubingwa. Mipini ya siku zile ilikuwa ya mti na vichwa vilifuliwa kwa mkono, lakini sidhani kwamba Jones alikuwa mkweli kwa sababu fimbo zake zilikuwa kali. Ninao wenzangu wawili watatu wenye fimbo bapa za kung'aa ambao, mpira ukiingia kichakani, hupata macho ya ajabu ya kuuona ukiwa umekaa juu ya nyasi fupi.

Tena mchezo wenyewe umeweka msamaha wake hadharani. Chini ya utaratibu wa dunia ulioanza mwaka 2020, handikapu ya mchezaji hukokotolewa kwa matokeo yake bora 8 kati ya 20 ya karibuni. Yale mengine 12 yameandikwa, yanaonekana, lakini hayahesabiwi dhidi yake. Sijawahi kuona baraza la mitihani lenye huruma ya namna hiyo, na sisemi kwamba liwe nayo. Daktari simtaki apimwe kwa siku zake bora 8.

Hapo ndipo umri unapoingia. Kijana wa miaka 15 anayepiga mipira mia tatu kwa juma, fimbo kali inamfundisha, maana mwili wake bado unaweza kutii. Mtu aliyevuka sabini, mwenye baridi yabisi vidoleni, anaambiwa jambo ambalo hawezi tena kulitekeleza. Kumwumiza kila siku kwa somo lisiloweza kujifunzwa sijui tukuite nini, ila si kufundisha. Rafiki yangu hakukubali kubadili. Kwanza alicheza mashimo 9 badala ya 18, kisha akawa anakuja kunywa chai tu, na sasa Jumamosi nyingi hatumwoni. Anasema mikono inamuuma. Tumebaki watatu, na nafasi yake hatujampa mtu.

Seti yangu ya zamani niliiuza, isipokuwa namba 7. Siku za mazoezi huanza nayo mipira ishirini hivi, mpaka viganja vianze kulalamika, ndipo nachukua zile mpya. Siku ya mashindano inabaki nyumbani nyuma ya mlango, kwa kuwa sheria inaruhusu fimbo 14 tu.