Mwenye Kioo Ana Deni

Simama stendi ya Korogwe basi la Dar linapopakia. Utaona matenga ya kuku yakirushwa juu ya keria, kuku wamebanana mpaka wengine wanachomoza vichwa kwenye matundu kutafuta hewa. Hakuna anayeshtuka. Kuku wa tenga ana safari moja tu, na mwisho wake ni sufuria. Mimi nae namla, tena kwa ugali wa moto, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu hapa. Swali langu linamhusu mnyama mwingine: yule tuliyembana kwa nia ya kumtunza. Akiugua kwa sababu ya kubanana huko, nani anadaiwa, na anadaiwa nini?

Swali hili nilitupiwa na jamaa mmoja niliyemaliza naye kidato cha nne Korogwe. Mwenzangu aliingia mjini, akapata kibarua Dar es Salaam kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Kazi yake, usicheke ndugu msomaji, ni kutunza samaki. Si wa kula, ni wa kutazama. Sebuleni kuna tanki la kioo la lita 400, maji ya chumvi, taa za buluu, pampu inayonguruma usiku kucha, na matumbawe hai yaliyopangwa juu ya mawe. Humo wamo samaki 19: kitatange, kangaja, na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kila bosi akisafiri anarudi na mfuko mwingine wa samaki. Jamaa anasema ukikaa mbali ni kama harusi. Ukisogea karibu ni kama daladala saa kumi na mbili jioni.

Basi kangaja akaanza kujikuna kwenye mawe. Kesho yake ana vidoa vyeupe mwili mzima, kama kanyunyiziwa chumvi. Siku chache baadaye karibu wote wanavyo, na wawili wanahema juu juu. Bosi akaleta chupa ya dawa ya shaba, akasema, mwaga humo humo, Jumamosi nina wageni. Jamaa akanipigia simu usiku. "Kaka, wewe si mtoto wa josho? Hebu niambie nifanye nini."

Kweli mimi ni mtoto wa josho. Baba yangu anafuga Handeni, nami nimeswaga ng'ombe kwenda kuogeshwa kabla sijajua kusoma. Ila kuhusu samaki ilibidi nikatafute. Ugonjwa ule unaletwa na kimelea kidogo mno, ambacho wataalamu wanakiita Cryptocaryon irritans. Anaingia kwenye ngozi na mashavu ya samaki, anakula siku kadhaa, kisha anadondoka chini na kujifungia ndani ya gamba. Humo anajigawa. Gamba likipasuka wanatoka watoto, pengine zaidi ya mia, kila mmoja akitafuta samaki wa kumwingia. Wana siku moja au mbili tu. Wakimkosa, wanakufa.

Hapo ndipo nilipotulia nikawaza. Baharini wengi wao wanamkosa, maana bahari ni kubwa na samaki wanahama. Kwa hiyo samaki wa baharini anaweza kuwa na kidoa kimoja viwili na maisha yakaenda. Kwenye lita 400 zenye samaki 19, kimelea hana haja ya kutafuta. Akitoka kwenye gamba tu, samaki huyu hapa. Unaweza kusema ugonjwa uliletwa na kimelea, na utakuwa hujasema uongo. Lakini aliyemrahisishia kimelea kazi ni mwenye tanki.

Kupe naye ana tabia hizo hizo. Akishashiba damu anadondoka kwenye majani, anataga maelfu ya mayai. Josho linaua waliopo mwilini, la majani haliwafikii, ndiyo maana ng'ombe wanarudishwa joshoni mara kwa mara. Baba husema dawa ya kwanza ya mfugaji ni miguu: malisho yakichoka, hama. Tangu 2022, Msomera ilipoanza kupokea wafugaji na mifugo yao kutoka Ngorongoro, hesabu ya miguu na majani Handeni si ya mwenye ng'ombe peke yake tena, serikali nayo imo. Hata hivyo ng'ombe bado ana pa kwenda, japo padogo. Samaki wa kioo hana miguu wala hana kesho. Nje ya kioo ni zulia.

Rafiki zangu wa kijiweni waliponisikia walicheka sana. Eti unamlilia samaki, na jana ulikula changu wawili? Hoja hiyo inaonekana nzito, ila ukiishika vizuri ni nyepesi. Aliyemvua changu kwa ajili ya kumla hakumwahidi kitu. Wamekutana, kimoja kimeliwa, yameisha. Mwenye kioo amefanya jambo jingine kabisa: amemwondolea samaki bahari, akajiweka yeye mahali pa bahari. Chakula, hewa, joto, usafi, hata nafasi ya kumkwepa adui, vyote sasa viko mkononi mwake. Kwangu hiyo ni ahadi, hata kama haikutamkwa. Na ahadi hiyo haigawanyiki kwa urembo, kwamba kangaja wa buluu anadai zaidi kuliko konokono anayelamba kioo.

Sasa turudi kwenye chupa. Shaba inaua kimelea akiwa anaogelea. Inaua pia matumbawe, kamba na konokono. Tumbawe, msomaji, si ua wala si jiwe, ni mnyama. Tena mawe na mchanga hunyonya ile shaba na kuiachia polepole, kwa hiyo tanki linaweza kubaki na sumu muda mrefu. Kumwaga humo humo maana yake ni kuwaua waliotulia ili kuwaponya wanaoonekana. Njia ya haki inajulikana, ila inakera: watoe samaki wote, hata wasio na vidoa, uwatibu kwenye chombo kingine kisicho na matumbawe wala mawe. Tanki libaki bila samaki hata mmoja, kati ya wiki 6 na 11, mpaka magamba yote yapasuke na watoto wafe kwa kukosa mwenyeji.

Wiki zote hizo tajiri anatazama mawe! Wageni wanakuja, taa zinawaka, samaki hamna. Nadhani hapo ndipo dawa inapouma kweli.

Je, kibarua naye ana kauli? Wapo watakaosema kazi yake ni kutii, akili ni ya mwenye mali. Sikubali. Bosi hajui shaba inafanya nini, jamaa anajua, na chupa iko mkononi mwake. Lakini pia sikuthubutu kumwambia akatae afukuzwe, maana kodi ya chumba chake silipi mimi. Nikamwambia, mweleze bosi wazi yatakayokufa, moja moja, umwonyeshe kwa kidole. Akafanya hivyo. Bosi akauliza matumbawe yale yaligharimu kiasi gani, akapiga hesabu, akasema haya, watoe. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya pesa. Sikuifurahia, ila matumbawe hayajui hoja ipi iliwaokoa.

Samaki 16 wako kwenye matangi mawili ya plastiki stoo. Watatu walikufa. Kilichobaki ni kigumu zaidi: tanki lile haliwatoshi wote, na wakirudi wote tutaanza upya. Jamaa alipendekeza awapeleke Kigamboni usiku, awaachie baharini. Inasikika vizuri kama mwisho wa hadithi. Nikamkumbusha habari ya 1901, baada ya sotoka kufagia ng'ombe kusini mwa Afrika. Walichukuliwa wengine Afrika Mashariki, wakashushwa bandari ya Beira kujaza mazizi, na ndani yao ikasafiri ndigana kali. Hata jina la Kizungu la ugonjwa huo linataja pwani yetu ya mashariki. Huwezi kujua samaki aliyekaa sebuleni na wageni wa bahari nyingine kabeba nini.

Kwa hiyo anatafuta mtu mwenye tanki kubwa na samaki wachache. Mpaka leo hajampata. Bosi naye juzi kamwonyesha kwenye simu picha ya samaki wa njano, akamuuliza wanauzwa wapi.