Dengu za Yakobo na Kahawa ya Butura

Hakuna mkulima wa kahawa wilayani Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, asiyeijua butura. Kahawa ikiwa bado ua, au punje zikiwa mbichi kabisa, mwenye shida humfuata mwenye fedha. Wanapatana, fedha inahesabiwa, na mavuno ya miti ile yanakuwa ya mtu mwingine, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya msimu. Robusta huchukua takribani miezi 9 hadi 11 tangu kuchanua hadi kuiva. Ada ya shule haingoji kiasi hicho. Wala ugonjwa haungoji, wala msiba.

Ndiyo sababu Mwanzo 25 husikika kwa uzito wake katika vilima hivi. Esau anarudi kutoka porini hoi kwa njaa, anamkuta Yakobo ana chungu cha dengu, na kwa mkate na bakuli moja anauza haki ya mzaliwa wa kwanza. Waraka kwa Waebrania unamtaja kama mtu asiyemcha Mungu. Ni rahisi mhubiri kumnyooshea kidole mkulima: usiwe Esau, vumilia, amini kwamba kilichoko mtini kitaiva.

Mafundisho hayo yana ukweli. Imani ni kukishika usichokiona bado, na aliyeingia butura mara moja hujikuta akiingia tena mwaka unaofuata, kwa kuwa mavuno ambayo yangemvusha yalikwishakwenda. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipovuka dola 5,000 kwa tani, waliokuwa wameuza maua hawakuwa na gunia la kupeleka mnadani.

Lakini Esau alikuwa mjukuu wa Abrahamu, mwana wa Isaka aliyerithi mali yote ya baba yake. Njaa yake ilikuwa ya jioni moja. Mama anayeuza kahawa mbichi ili mtoto alazwe hospitalini hana hema la tajiri la kurudia, na kumwita Esau ni kumwonea. Zaidi ya hapo, ndani ya hadithi kuna mtu wa pili, naye mara nyingi huachwa apite kimya. Yakobo alikuwa na chakula. Alimwona ndugu yake anadhoofika, akataka kiapo kwanza.

Ndugu. Katika Buhaya, yaani nchi ya Wahaya, na nchi jirani, kahawa ilikuwa alama ya undugu muda mrefu kabla haijawa zao la biashara. Punje zilichemshwa, zikakaushwa, mgeni akapewa atafune. Na watu wawili walipofunga undugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa. Tunda hilohilo sasa linamfunga jirani kwa jirani kwa deni. Mnunuzi wa butura si lazima atoke mbali. Anaweza kuwa wa kijiji kilekile na ibada ileile.

Torati ilikwisha kukataza kujinufaisha kwa shida ya ndugu. Kutoka 22 inazuia kumtoza maskini riba, na vazi lililowekwa rehani lirudi kwa mwenyewe kabla jua halijatua. Karne nyingi baadaye, Nehemia aliwakuta watu wa Yuda wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wenye njaa hakuwahubiria uvumilivu. Aliwakusanya wakopeshaji, akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, akataka kila kitu kirudishwe siku ileile. Wakatii. Na Yakobo mwenyewe, katika Mwanzo 32 na 33, alimrudia Esau akiwa na zawadi ya mifugo zaidi ya 500, akainama mpaka nchi mara saba.

Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, na tangu 2018 imeelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, ambavyo huku viko chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe. Agizo hilo ni jema. Hata hivyo, chama kikichelewesha malipo, njaa inarudi mlangoni, na mwenye chungu anajua saa ya kubisha hodi.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina Dayosisi ya Karagwe tangu 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga lipo tangu 2008. Sharika na parokia zao zimeenea katika wilaya zote mbili. Ziwafundishe waumini kuweka akiba mavuno yanapoingia, na ziwe na mfuko wa kumkopesha bila riba mwenye mgonjwa au msiba miezi ya ukata. Na Mkristo aliyekwisha nunua maua ya jirani yake msimu huu, amwendee kabla ya Mei, wakati uvunaji unapoanza, apokee fedha aliyotoa na kumwachia mwenyewe kahawa yake.