Aliyejitakia Naye Aokolewe?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na huku mialoni, kuanzia Bukoba hadi Muleba, utaisikia kila mtumbwi usiporudi. "Si waliambiwa kuna upepo? Wamejitakia." Mimi siipingi methali. Napinga kazi tunayoipa.

Tazama ziwa lenyewe. Dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, maana ndipo taa huwavuta. Na usiku huohuo ndipo Ziwa Viktoria huchafuka: nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, pepo zinakutana juu ya ziwa na kuzaa mvua ya radi. Yaani riziki na hatari zinafika pamoja. Ukimwambia mvuvi asitoke usiku, umemwambia asivue dagaa.

Wanaoteleza kwenye theluji ya milima ya Alps wanalijua jambo hili. Theluji mpya, ile laini wanayoitamani, ndiyo mara nyingi huporomoka na kufukia watu. Ila tuwe wakweli: yule kafuata raha, huyu wa kisiwa cha Bumbire kafuata ada ya mtoto. Je, tofauti hiyo iguse haki yao ya kuokolewa? Nasema hapana. Inagusa lawama tu. Lawama hupimwa kwa sababu za mtu, msaada hupimwa kwa shida aliyonayo.

Tena msaada hausubiri kesi. Aliyefukiwa na theluji, tumaini lake kubwa ni robo saa ya kwanza, kwa hiyo anayemfukua ni mwenzake waliyekuwa pamoja. Kwetu tuliliona tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 walikufa 19. Waliowahi mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, na hawakuuliza kwanza nani mwenye kosa. Ndio haohao ambao wakizama wao, tunasema wamejitakia.

Utaniambia: tukiokoa kila mzembe, uzembe utazidi. Sidhani. Hakuna anayeingia ziwani akitegemea kuzama vizuri. Ninachokubali ni kwamba mwokoaji halazimiki kufa; naye ana haki ya kungoja wimbi litulie.

Methali basi ifanye kazi yake jioni, kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Mtu akishazama, inatakiwa kamba.