Uhuru wa Mzee Hamdani Mbele ya Kamera

Hapa Bujumbura, na hususan mtaani Buyenzi, ambako Kiswahili kimekita mizizi kwa watu ambao asili zao zimechanganyika baina ya Ujiji, Manyema na pwani, liko jambo moja lisilotajwa hadharani hata barazani mazungumzo yanaporefuka, nalo ni kama babu wa fulani alikuwa muungwana au mtumwa; na kimya hicho, ambacho mgeni hudhani ni usahaulifu, mimi nakiona kuwa ni sitara, maana dini imetuhimiza kumsitiri mwenzetu. Kwa hiyo kuigeuza riwaya ya utumwa kuwa filamu si shauri la sanaa peke yake, bali ni shauri la haki ya marehemu.

Riwaya ninayoikusudia ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ambamo kijana Yusuf anatolewa na babake awe rehani ya deni kwa tajiri Aziz, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani pamoja na Burundi yetu. Na Wajerumani hao hawakuufuta utumwa kwa amri moja, bali mwaka 1904 walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 ndio watakaokuwa huru. Katika nyumba ya Aziz yumo Mzee Hamdani, mtunza bustani, ambaye bibi wa nyumba alipotaka kumtunuku uhuru aliukataa, kwa hoja kwamba bibi huyo hakuwa na uhuru wa mtu mikononi mwake hata aweze kuutoa.

Hebu mweke mzee huyo mbele ya kamera. Wanazuoni wametufundisha kutenga dhahiri na batini, na kamera haijui ila dhahiri: itamwona mkongwe aliyeinama kwenye miti ya watu, na mtazamaji atasema, huyu ni mtumwa. Mwongozaji, kwa huruma yake, atamtilia hotuba kinywani, atamwongezea machozi na muziki, apate kuonekana huru. Na hapo atakuwa amemtunuku kwa mara ya pili kile kile alichokikataa.

Na kamera imekwisha kufichua kilichositiriwa kitabuni: katika riwaya ya Beloved ya Toni Morrison, ya mwaka 1987, makovu ya mgongoni mwa Sethe, mwanamke aliyetoroka utumwani, yeye mwenyewe hajapata kuyaona, anayajua kwa maneno ya msichana aliyemhudumia. Lakini katika filamu aliyoiongoza Jonathan Demme mwaka 1998, sisi wageni tumeyaona kwa macho yetu.

Hata hivyo sithubutu kusema filamu ni haramu. Surati Al-Balad imeihesabu kazi ya kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika njia ya mlima mgumu, na Qurani haikuficha kwamba Nabii Yusuf aliuzwa kwa dirhamu chache. Ila imeyataja mauzo hayo kwa aya moja, ikapita, bila kutusimamisha sokoni tumkodolee macho. Kipimo hicho ndicho ningemwomba mwongozaji akishike, na nchi yetu iliyomtoa Léonce Ngabo, aliyetengeneza filamu ya Gito l'ingrat mwaka 1992, haikosi wa kukiweza: jibu la Hamdani lisikike mara moja, kwa sauti ya kawaida, naye arudi kazini kwake; na atakayeona hayo hayatoshi, heri amwache mzee kitabuni.