Rais Akisamehe, Mama wa Gwangju Ameulizwa?

Tarehe 22 Desemba 1997, wazee wawili walitoka gerezani Korea Kusini. Chun Doo-hwan alikuwa na kifungo cha maisha, baada ya mahakama ya rufaa kumwondolea hukumu ya kifo. Roh Tae-woo, rafiki yake tangu chuo cha kijeshi, alikuwa na miaka 17. Wote wawili walikuwa majenerali kabla ya kuwa marais, na mwezi Aprili mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilikuwa imethibitisha makosa yao: kuipindua serikali, kuhusika na damu iliyomwagwa mjini Gwangju Mei 1980, na kula rushwa. Aliyewatoa ni Rais Kim Young-sam, aliyekuwa akihesabu wiki zake za mwisho ikulu. Hakuamua peke yake. Alikubaliana na mwenzake aliyeshinda uchaguzi tarehe 18 mwezi huo, Kim Dae-jung.

Na huyu Kim Dae-jung ndiye aliyehukumiwa kifo mwaka 1980 chini ya mkono wa Chun, kwa tuhuma za kuchochea maandamano ya Gwangju. Alikamatwa usiku wa kuamkia maandamano yenyewe. Papa Yohane Paulo wa Pili alimwombea uhai, Marekani ikashinikiza, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo, na mwishoni mwa mwaka 1982 akaondoshwa kwenda Marekani. Alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa kwa jina la Thomas More, yule Mwingereza aliyekatwa kichwa kwa amri ya mfalme wake. Mtu wa namna hiyo anapopata madaraka ya kulipiza kisasi, akaamua kutolipiza, dunia ina haki ya kumvulia kofia. Hakuna sababu ya kuutilia shaka moyo wake.

Swali liko kwingine. Kitanzi kilichosamehewa kilikuwa chake, na alikuwa na haki ya kukisamehe. Je, vipi kuhusu mama wa Gwangju aliyemzika mwanawe aliyepigwa risasi na wanajeshi wa miavuli? Aliulizwa na nani?

Dini zinazofuatwa Afrika Mashariki zimelijadili swali hili kwa karne nyingi, na jibu lake ni kali kuliko wanasiasa wanavyopenda kukumbuka. Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Aliyemkosea Mola wake atubu kwa Mola wake. Aliyemdhulumu mja hana budi amrudie mja huyo, arudishe alichochukua au aombe radhi. Katika mauaji, Sura Al-Baqara aya ya 178 na Sura Al-Israi aya ya 33 zimeuweka uamuzi wa kudai kisasi au kusamehe kwa upande wa aliyeuawa. Kazi ya mtawala ni kusimamia haki hiyo, wala haruhusiwi kuigawa kama mali yake. Walimu wa Kiyahudi nao walifundisha kwamba siku kuu ya toba haifuti kosa alilotendewa binadamu mpaka mkosaji amridhishe aliyemkosea. Hata swali maarufu la Petro katika Injili ya Mathayo linamhusu ndugu aliyemkosea Petro mwenyewe. Hakuuliza amsamehe mara ngapi mtu aliyemkosea jirani.

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye hakuwa mpole katika mambo ya adhabu, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Mwaka 1797 aliandika kwamba kati ya haki zote za mtawala, ya kusamehe ndiyo inayoteleza zaidi. Kwa maoni yake, mtawala anaweza kusamehe kosa alilotendewa yeye, tena kama usalama wa watu hauhatarishwi. Lakini kosa la raia mmoja kwa mwingine si lake kulisamehe, kwa sababu akifanya hivyo anamdhulumu aliyeumizwa.

Wanaotetea msamaha wa rais nao wana hoja, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wanasema adhabu ni ya dola: dola ndiyo inayoshtaki, inayofunga na inayolisha wafungwa, kwa hiyo dola inaweza kuiacha pale amani inapodai hivyo. Desemba 1997 Korea ilikuwa imepiga magoti mbele ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na chuki kati ya mkoa wa Jeolla, nyumbani kwa Kim Dae-jung, na Gyeongsang, ngome ya majenerali, ilikuwa ya miaka mingi. Kim alitaka nchi nzima imfuate. Rais Gerald Ford wa Marekani alitoa sababu inayofanana na hiyo tarehe 8 Septemba 1974 alipomsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon, hata kabla hajashtakiwa. Msemaji wake, Jerald terHorst, alijiuzulu siku hiyo hiyo, na Ford akashindwa uchaguzi wa mwaka 1976. Lakini mwaka 2001 wakfu wa maktaba ya John F. Kennedy ulimpa tuzo ya ujasiri kwa uamuzi ule ule, na Seneta Edward Kennedy, aliyeupinga wakati wake, akakiri kwamba Ford alikuwa sahihi.

Ford alikuwa akitembea na kipande cha karatasi katika pochi yake, chenye maneno ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1915, yanayosema kwamba kupokea msamaha ni sawa na kukubali hatia. Ni jambo la kugusa. Hata aliyesamehe alihitaji kuamini kwamba kosa limekiriwa mahali fulani, walau kwa ukimya. Nixon hakuwahi kulikiri waziwazi.

Chun naye hakukiri lake. Aliishi miaka karibu 24 baada ya kutoka gerezani, akiendelea kudaiwa mabilioni ya fedha za rushwa ambazo msamaha haukuzifuta. Mwaka 2017 alitoa kitabu cha kumbukumbu ambamo alimwita mwongo padri marehemu aliyeshuhudia helikopta ikiwafyatulia watu risasi Gwangju, na mwaka 2020 mahakama ikamtia hatiani kwa kumkashifu. Alifariki Novemba 2021 bila kuomba radhi. Roh alikuwa ametangulia mwezi mmoja kabla, akiacha wosia wa kuomba asamehewe, na mwanawe alikuwa ameshakwenda makaburini Gwangju kwa niaba yake. Machi 2023 mjukuu wa Chun naye alifika huko, akapiga magoti mbele ya akina mama waliofiwa, kisha akavua koti lake na kulitumia kufuta vumbi kwenye mawe ya makaburi.

Kijana yule hakuwa amezaliwa mwaka 1980 na hakuwa na hatia ya kusamehewa. Hata hivyo, akina mama wale walimkumbatia. Walichonyimwa na sahihi ya rais mwaka 1997, yaani mtu wa kuja mbele yao na kuomba, walikipata kutoka kwa mjukuu, miaka 25 baadaye. Mwenye kovu usidhani kapoa. Msamaha uliowapita wao ulimpa Chun uhuru wake, na ukamwondolea sababu ya kuwatafuta.

Kwingine hata kisingizio cha maridhiano ni chembamba zaidi. Nchini Peru, tarehe 24 Desemba 2017, Rais Pedro Pablo Kuczynski alimsamehe Alberto Fujimori, rais wa zamani aliyefungwa miaka 25 kwa mauaji ya Barrios Altos na La Cantuta. Siku tatu kabla, Kuczynski alikuwa amenusurika kung'olewa na bunge kwa sababu kundi la mtoto wa Fujimori lilikataa kupiga kura. Familia za waliouawa zilipata habari usiku wa kuamkia Krismasi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejaribu njia nyingine. Ibara ya 133 inampa rais uwezo wa kusamehe kwa ushauri wa kamati, na kamati hiyo inaruhusiwa kuzingatia maoni ya walioumizwa na kosa. Inaruhusiwa; hailazimishwi. Nchini Tanzania, Ibara ya 45 ya Katiba haiwataji waathirika kabisa. Hilo ni pengo linalostahili kuzibwa, hasa pale anayesamehewa ni mtu aliyetumia bunduki au hazina ya umma dhidi ya wananchi wenyewe.

Korea imelirudia swali hili tena. Rais Yoon Suk Yeol, aliyemsamehe mmoja wa watangulizi wake, Lee Myung-bak, mwaka 2022, alitangaza sheria ya kijeshi tarehe 3 Desemba 2024, akashtakiwa kwa uasi, akaondolewa madarakani. Agosti 2025 rais mpya, Lee Jae-myung, alimsamehe Cho Kuk, waziri wa zamani wa sheria, na mabishano yakazuka upya. Mwaka huo huo baadhi ya wabunge wa chama tawala walipendekeza kwamba watakaohukumiwa kwa uasi wa Desemba wasisamehewe kamwe. Usiku ule wa sheria ya kijeshi wabunge waliruka kuta kwenda kupiga kura, raia wakasimama mbele ya magari ya jeshi, na hakuna aliyeuawa. Aliyekosewa ni umma mzima. Kwa kipimo cha Kant na cha wanazuoni, kosa la namna hii likisamehewa, mwenye haki ya kulisamehe ni huo umma wenyewe, na rais anayetaka kutia saini kwa niaba yao ana wajibu wa kuwauliza hadharani kabla hajachukua kalamu.