Jeraha la Pili

Kisa hiki ni cha mfano. Hakina jina la mtu wala la gari. Hata hivyo, dereva yeyote wa matatu anayepita Changamwe akielekea Miritini atakitambua.

Ilikuwa jioni, malori ya makontena yamebanana barabarani. Bodaboda ilipenya kati ya lori na matatu, ikagongwa ubavuni, na abiria wake akarushwa akaangukia mgongo kando ya njia. Dereva wa matatu alisimama papo hapo. Hilo alilifanya vyema, kwani wako wapitao kama hawakuona.

Kijana alikuwa na fahamu zake. Kandambili moja ilikuwa imemtoka, na vidole vya mguu ule vilikuwa vikichezacheza. "Shingo," alisema. "Shingo yaniuma."

Mama mmoja muuza viazi karai akapaza sauti: "Mwangoja nini nyinyi? Mpelekeni hospitali!" Makanga akamshika kwapani, mwengine akamshika miguu, wakamnyanyua. Kichwa kikaning'inia nyuma. Wakamkunja ndani ya tuktuk, magoti yamegusa kifua, nayo ikaondoka mbio ikipita mashimo na matuta. Hospitalini muuguzi alimfinya kidole cha mguu ule ule. Hakuhisi kitu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini mtu aliyeumia mgongo huweza kuumizwa mara mbili: kwanza na ajali, kisha na waokoaji. Jeraha la pili lina kinga. Daktari hawezi kuapa kwamba kubebwa vile ndiko kulikompooza kijana huyu. Huenda mishipa ilikuwa imekwisha kuumia na uvimbe ukamalizia kazi. Hakuna wa kumshtaki. Ila kuna jambo ambalo lilikuwa mikononi mwa watu wale, nalo ni kutomkunja.

Mgongo wa binadamu una pingili 33, tangu shingoni hadi kifanduguni. Ndani yake umepita mshipa mkuu wa fahamu, unaopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia. Pingili iliyovunjika yaweza kutulia bila kuugusa mshipa huo, lakini ikisogezwa, ncha yake yaweza kuuminya au kuuchana. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, sawa na dumu la lita 5 lililojaa maji. Uzito huo ukining'inia kwenye shingo iliyovunjika, madhara yake hayahitaji maelezo. Tena mishipa inayoendesha pumzi hutoka shingoni. Ikiharibika, mtu hushindwa hata kuvuta hewa. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la mshipa huo mkuu wa mgongoni, na ajali za barabarani ni miongoni mwa sababu zake kubwa.

Basi dereva na makanga wake wangefanya nini?

Kwanza, kulinda mahali: kuwasha taa za hatari, kuweka pembetatu za tahadhari, na kumtuma mtu mmoja azuie magari. Pili, kuzuia mikono ya watu. Dereva ana sauti, na umati humsikiliza anayetoa amri: "Jamani, asiguswe! Shingo yake imeumia." Tatu, makanga angepiga magoti nyuma ya kichwa cha majeruhi, akishike kwa viganja viwili kushoto na kulia bila kukivuta wala kukinyoosha kwa nguvu, huku akimwambia: "Ndugu yangu, usitikise kichwa. Nijibu kwa mdomo tu." Wakati huo mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na ataje mahali kwa alama inayojulikana.

Asipewe maji, asiketishwe, asijaribiwe kusimamishwa. Helmeti isivuliwe maadamu anapumua vizuri. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kubanwa kwa kitambaa safi. Akitaka kutapika, watu kadhaa wamgeuze ubavu kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawasawa kwa hesabu ya mmoja wao.

Uhai hutangulia mgongo. Asiyepumua akandamizwe kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na barabara hii ina malori ya mafuta: moto ukiwaka au petroli ikimwagika, aondolewe mara moja, akiburutwa kwa kufuata urefu wa mwili wake badala ya kukunjwa.

Wasomaji wa Changamwe watauliza: na ambulensi isipokuja? Swali hilo ni la haki. Ikiwa hapana budi kumsafirisha, tafuteni ubao mpana au mlango, watu wanne au zaidi mumlaze chali kwa mpigo mmoja, mkunje nguo mziweke pande mbili za kichwa, na mmoja aendelee kukishika njia nzima. Pikapu itakayomlaza ni bora kuliko tuktuk itakayomkunja. Bodaboda haifai kabisa. Dereva aende taratibu. Mkifika, mwambieni muuguzi mapema kwamba huenda mgongo umeumia, na kama alikuwa akichezesha vidole pale barabarani. Wala msihofie pesa kwanza: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Mambo haya yote hufundishika. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza hapa Kenya. Kila sacco inayomkagua dereva leseni yake imkague pia ujuzi huu, na makanga asiachwe nje, maana mara nyingi mkono wake ndio wa kwanza kumfikia majeruhi. Enyi wenye sacco za Changamwe, Mikindani na Magongo: wapelekeni watu wenu wakafunzwe kabla ya ajali ijayo. Na wewe abiria, ukiona majeruhi ananyanyuliwa kwa kwapa na miguu, usinyamaze. Waambie wamlaze na wamshike kichwa.