Kosa Lifutikalo

Wako watu wasemao kuwa mwanafunzi apewaye ruhusa ya kukosea hufundishwa uzembe. Wako wengine wasemao kuwa asiyepewa ruhusa hiyo hafundishwi kitu. Njoo, msomaji, tulipime neno hili kwa chombo kitoshacho kukaa katika kiganja cha mkono.

Chombo hicho ni chipu ya kompyuta. Chipu ya kawaida huchorwa njia zake za umeme kiwandani, na ikisha kuchorwa haibadiliki tena. Lakini mwaka 1985 kampuni ya Xilinx ya Marekani ilitoa chipu ya namna nyingine. Ndani yake mlikuwa na vijumba 64 vya kutendea hesabu, na njia baina yake ziliweza kufungwa na kufunguliwa kwa amri. Leo chipu za ukoo huo zina vijumba maelfu kwa maelfu. Mwanafunzi wa chuo kikuu huandika sifa za prosesa aitakayo, na programu ya usanifu huvipanga vijumba vikawa prosesa hiyo. Akikosea hufuta akapanga upya, na chipu ni ile ile.

Neema hii si ndogo. Kazi iliyokuwa ya wenye viwanda sasa yaweza kushikwa na kijana mezani pake. Lakini kila neema ina mtihani wake. Wafikiri vijana wawili. Mmoja hubahatisha, akafuta, akabahatisha tena, mpaka taa iwake. Hajui kwa nini imewaka. Wa pili hafuti kosa kabla ya kuliuliza limetoka wapi. Taa zao zawaka sawasawa, lakini elimu zao si sawa. Wa kwanza ameifuta chipu; wa pili amejisahihisha mwenyewe.

Tofauti hiyo huonekana nje ya darasa, mahali ambapo kufuta hakuna. Mwaka 1994 iligunduliwa kuwa prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa kuwa nafasi tano za jedwali lililokuwa ndani yake zilikosa tarakimu zake. Prosesa hiyo haikuwa ya kupangwa upya. Ilibidi kampuni ikubali kuwabadilishia wanunuzi waliotaka, ikatenga dola milioni 475. Mwaka huo huo, tarehe 29 Aprili, feri ya Mtongwe, upande wa Likoni, ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Kosa la kwanza lililipwa kwa fedha. La pili halikulipika kwa fedha wala kwa machozi.

Basi ruhusa ya kukosea ni njema, lakini ina mpaka, na mpaka wake ni maisha ya mtu mwingine. Twapewa kosa lifutikalo ili tuizoee hadhari kabla ya kulifikia lisilofutika.

Wewe uvukaye kwa feri kutoka Likoni, upitaye daraja la Nyali kutoka Kisauni, au njia ya Makupa kutoka Changamwe, kila siku waweka roho yako mikononi mwa watu usiowajua: waliopima, waliohesabu, waliounganisha. Wataka wawe kama kijana yupi katika wale wawili? Jibu lako lihifadhi, maana kesho wewe ndiwe utakayepima, na mwingine ndiye atakayevuka.